Kadi Ambazo Hazikufika Kianjokoma

Kianjokoma ni mji mdogo wa Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, karibu na mahali ambapo mashamba ya chai yanapakana na msitu. Mtoto aliyekulia huko miaka ya 1980 au 1990 aliweza kuujua vyema mpira wa vikapu bila kuwahi kushika hata kadi moja yenye picha ya mchezaji. Mchezo ulifika, kadi hazikufika. Ili kuelewa sababu, hatuna budi kurudi kwenye asili ya kila kimoja, kwa maana vilisafiri kwa njia tofauti.

Mchezo ulizaliwa Desemba 1891 katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts. Mwalimu James Naismith alitakiwa kuwatafutia wanafunzi wake mchezo wa ndani kwa majira ya baridi, naye akatundika vikapu viwili vya matunda ukumbini. Kwa kuwa ulibuniwa na mwalimu kwa ajili ya darasa lake, mchezo huo ulienezwa na walimu, kutoka chuo hadi chuo na misheni hadi misheni.

Kadi zilikuwa na mzazi mwingine, naye ni biashara. Zilianza kama vivutio ndani ya pakiti za sigara, kisha watengenezaji wa chingamu wakazichukua. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ilitoa seti ya wanamichezo mbalimbali iliyokuwa na wachezaji wanne tu wa vikapu. Bowman ilifuata mwaka 1948 kwa kadi 72, miongoni mwao ya mchezaji George Mikan. Topps ikachapa 80 mwaka 1957, na Fleer 66 mwaka 1961. Kati ya seti hizo kulikuwa na miaka mitupu, kwa sababu watoto wa Marekani walipendelea kadi za besiboli. Ndiyo maana kadi za vikapu za zama hizo ni adimu, na zile zenye kona zisizochakaa hutafutwa sana leo.

Wakati huo Embu ilikuwa na mambo mazito zaidi. Mwaka 1954 kampuni ya Brooke Bond, iliyokuwa na mashamba ya chai Kericho, ilianza kutia kadi za picha za ndege katika pakiti zilizouzwa Uingereza. Katika kipindi hichohicho, chini ya Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, familia za Embu zilikuwa zikihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyolindwa. Mfano huu unaonyesha kanuni: kadi ilimfuata mtoto wa mnunuzi, hata pale ambapo bidhaa ilitoka katika ardhi ya mtoto mwingine.

Baada ya Uhuru wa 1963 shule za sekondari ziliongezeka, na mpira wa vikapu ukapata makao. Wapo wanaowapa sifa wamisionari. Wengine huwataja vijana wa Kimarekani wa Peace Corps waliofundisha nchini kuanzia miaka ya 1960. Maelezo yote mawili yana uzito, lakini mwalimu mgeni huja na kuondoka. Kilichoudumisha mchezo ni shule zenyewe, hasa za bweni, kwa saa zao za michezo na mashindano yao ya kila mwaka. Hapo ndipo zilipojengeka kumbukumbu za wengi: ubao uliopigiliwa kwenye nguzo, pete isiyo na wavu, na mpira uliolainishwa na changarawe.

Je, ni umaskini uliozuia kadi? Ulichangia, lakini watoto walipata shilingi ya peremende na chingamu. Sababu kubwa zaidi ilikuwa soko: kadi zilichapwa kwa ajili ya maduka ya Marekani. Hata huko, Topps iliacha kuchapa seti za vikapu baada ya msimu wa 1981–82, na ni seti ya Fleer ya 1986, yenye kadi 132 na Michael Jordan katika namba 57, iliyofufua biashara hiyo.

Mwaka 1993 Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika wa mpira wa vikapu. Angola ikatwaa kombe, na Kenya ikamaliza ya nne. Wakati huo Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyechaguliwa na timu ya Marekani ya Denver Nuggets mwaka 1991, alikuwa tayari kwenye kadi. Tanzania ilisubiri hadi 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Kadi zake za mwaka huo ni mwanzo mzuri kwa mkusanyaji wa kwetu.

Hata hivyo, mkusanyiko wa kadi hizo pekee ungeiacha nje historia yetu wenyewe. Kadi hutunza kumbukumbu kwa sababu mgongoni imeandikwa jina, timu, kimo na takwimu za mchezaji. Picha za timu za shule za Embu, vyeti vya mashindano na vipande vya magazeti ya 1993 vinaweza kufanya kazi hiyohiyo vikiandikwa majina, mwaka na matokeo. Wengi waliocheza bado wapo na wanaweza kuwataja wenzao waliosimama nao pichani. Waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe nyuma ya picha.