Damu ya Pwani Inapovunjika Mapema

Chembe nyekundu ya damu hutoka katika uboho, huzunguka mwilini kwa siku 120 hivi, kisha huvunjwa hasa na wengu, na chuma chake hutumika tena. Katika selimundu, ambayo wengi Mombasa huiita siko seli, chembe huishi siku 10 hadi 20 tu. Uboho hukazana kuzalisha nyingine. Ukizidiwa, damu hupungua.

Upungufu huu si ule wa lishe, na hapa ndipo familia nyingi hupotea. Mtoto akipauka hulishwa mchicha na maini, hupewa vidonge vya kuongeza damu, ilhali mara nyingi chuma cha chembe zilizovunjika kingalimo mwilini. Yatazamwe macho kama yana umanjano, unaotokana na bilirubini, taka ya hemoglobini. Utazamwe mkojo pia: damu ikivunjika kwa kasi, huweza kuwa mweusi kama chai ya mkandaa.

Kwa nini selimundu imeenea pwani? Malaria. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za jamii mbalimbali nchini. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta wabebaji wa selimundu wakipita asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu.

Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD nao umeenea palipokuwa na malaria. Kimeng'enya hiki huilinda chembe isiunguzwe na kemikali, na kwa kuwa jeni yake imo katika kromosomu ya X, wavulana ndio huathirika zaidi. Mtu huweza kuishi miaka mingi bila dalili, hadi apatwe na maambukizi makali au anywe dawa isiyomfaa. Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa kuwa iliwavunjia damu wenye upungufu huu.

Vichochezi vingine vimo majumbani, na Mji wa Kale hauna budi kuvijua: naftalini ya kabati la nguo, maharagwe ya ful kwa baadhi ya watu, na hina. Lawsoni, rangi iliyomo katika hina, hupenya ngozi laini ya kichanga. Madaktari wa Falme za Kiarabu wameeleza watoto wenye upungufu huu waliovunjikiwa damu baada ya kupakwa. Naona kichanga asipakwe kabisa, hata Idi.

Mzazi anayempeleka hospitali ya Coast General mtoto mwenye umanjano amweleze daktari kila alichopakwa, alichovishwa na alichonyweshwa. Kipimo cha G6PD kikifanywa wakati damu inavunjika huweza kuonyesha kawaida, maana chembe dhaifu zimeshakufa na changa zilizobaki zina kimeng'enya kingi. Hurudiwa baada ya miezi 3 hivi.