Damu ya Farasi na Mgongo wa Mpagazi: Njia ya Masisi na Walikale

Historia ya usafiri kati ya milima ya Masisi na misitu ya Walikale ni historia ya migongo ya watu. Baadhi ya wageni wa karne ya 19 waliuhesabu ukosefu wa wanyama wa mizigo katika Afrika ya Kati kuwa dalili ya uduni wa wenyeji. Makala haya yanatafuta sababu katika damu.

Farasi aliyepumzika moyo wake hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, na chembe nyekundu ni kiasi cha asilimia 35 hadi 40 ya damu yake. Akiba kubwa imo katika wengu. Anapokimbia kwa nguvu zote, moyo hupiga zaidi ya mara 200, wengu hujikamua, na kiwango hicho hufikia asilimia 60 au zaidi. Ndipo misuli ipatapo oksijeni ya kutosha. Wengu wa binadamu hauna hazina ya kiasi hicho.

Nagana huishambulia hazina hiyo hiyo. Mwaka 1895, huko Zululand, David Bruce aliona vimelea katika damu ya wanyama wagonjwa, kisha akathibitisha kuwa mbung'o ndiye aliyevieneza. Chembe nyekundu huharibiwa, na wengu uliokuwa ghala lake huvimba na kushiriki kuziangamiza. Kumtwika mzigo farasi wa namna hiyo ni kumharakishia kifo.

Nyanda za Masisi, ambazo pengi hupita mita 2,000, zina baridi isiyomfaa mbung'o, na ng'ombe hustawi huko. Lakini njia ya Walikale hushuka chini ya mita 1,000, hadi kwenye msitu wa joto wa bonde la Kongo. Mnyama aliyeweza kuishi juu asingeweza kutumainiwa chini. Von Götzen, aliyetoka Kivu kuelekea Mto Kongo mwaka 1894, aliwategemea wapagazi. Zaidi ya karne moja baadaye, katika miaka ya 2000, kasiterite ya Bisie ilitolewa msituni kwa magunia ya kilo 50 migongoni mwa watu.

Lugha nayo ni shahidi. Neno farasi lina asili ya Kiarabu, na lilifika na mnyama wa wageni; mpagazi limetokana na kitenzi cha Kibantu, kupagaa, yaani kubeba begani.

Hata hivyo, mbung'o asifanywe kisingizio. Anaeleza kwa nini farasi hakuwapo. Haelezi kwa nini Dola Huru ya Kongo iliwashurutisha watu kubeba mizigo, wala kwa nini jasho la mpagazi limelipwa kidogo hivyo. Hayo yalikuwa maamuzi ya binadamu, na historia haina budi kuyapima kwa mizani yake.