Iftin Maana Yake Nuru, Ila Nuru Ilichelewa

Kama hujawahi kufika Garissa, Iftin ni wadi moja hapa mjini. Kwa Kisomali, neno hilo maana yake ni nuru. Sasa mtaa wenye jina hilo uliisubiri stima ya gridi ya taifa miaka mingapi? Wacha tuhesabu.

Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10. Kwa kifupi ulisema hivi: pesa ya maendeleo iende kwanza pale itakapozaa haraka, penye mvua na udongo mzuri. Huku kwetu kulikuwa na vita vya shifta, na amri ya hali ya hatari ikabaki hadi 1991. Kwenye foleni tulikuwa mwisho kabisa.

Halafu kuna mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilianza kutoa stima 1968, likafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji yakishazungusha mitambo huko juu, yanateremka hadi hapa kwetu. Sisi tulipata maji, na mafuriko pia, lakini stima yake ikaenda Nairobi. Garissa ilibaki na jenereta za dizeli. Laini ya kilovolti 132 kutoka Kindaruma kupitia Mwingi ilitufikia katikati ya miaka ya 2010. Yaani karibu nusu karne!

Hapo ndipo hadithi inageuka. Desemba 2019 kituo cha sola cha Garissa kilizinduliwa: megawati 50, paneli zaidi ya 200,000, kwenye hekta 85, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mchana jua letu linaingia kwenye gridi ya taifa. Jua likizama, sisi ndio tunavuta stima ya mvuke wa Olkaria na ya mabwawa. Laini iliyokuja kutuletea sasa inabeba kwenda na kurudi.

Shida ni kwamba Wakenya hutumia stima nyingi zaidi jioni, saa moja hadi saa tatu, wakati paneli zimelala. Wingu likipita mchana, uzalishaji unashuka ghafla. Ndiyo maana watu wanaongea kuhusu gridi janja: betri za kuweka stima ya mchana, mita zinazotuma taarifa zenyewe, na kompyuta zinazotabiri jua na upepo ili mitambo mingine ijiandae mapema. Bila hizo, kuongeza sola na upepo ni kuongeza wasiwasi kwa gridi.

Lakini mimi naangalia kitu kingine. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mteja mwenye sola yake kurudisha stima ya ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili. Kwa hiyo paa la mabati la Iftin linaweza kuwa kituo kidogo cha stima. Swali ni nani ataweza kununua hizo paneli na mita. Na Wajir na Mandera, zenye jua kama letu, bado zinategemea gridi zao ndogo za dizeli na sola.

Gridi ya kwanza ilijengwa kwa hesabu ya 1965. Hii mpya ikijengwa kwa hesabu ileile, itakuwa janja kwa wengine tu. Safari hii tusikubali kungoja nusu karne.