Maana ya Kifungo cha Maisha, na Uadilifu wa Parole

Mfungwa aingiapo gerezani huandikwa katika daftari jina lake, kosa lake na hukumu yake, kisha huandikiwa tarehe mbili: ile ya mapema awezayo kutoka akijaaliwa mwenendo mwema, na ile ya mwisho ambayo baada yake hawezi kuzuiliwa hata kwa siku moja. Akiwa ni mfungwa wa miaka 30 katika Kenya, karani hana la kutia shaka, kwa kuwa Sheria ya Magereza humrudishia mfungwa thuluthi ya muda wake kwa bidii na tabia njema, basi tarehe ya kwanza itakuwa baada ya miaka 20, na hisabu imekwisha kabla ya wino kukauka. Afikapo kwa mfungwa wa maisha, hisabu humgomea. Sheria ile ile imemtoa mtu huyu katika fungu la wenye kustahiki thuluthi, na hata lau angestahiki, thuluthi ya uhai wa mwanadamu ni miaka mingapi? Ajuaye ajali ya mja ni Mola peke yake, wala hapeleki taarifa kwa karani wa gereza.

Yamkini msomaji atasema kwamba maneno "kifungo cha maisha" yanajieleza yenyewe, wala hayahitaji mufasiri. Mahakama za Afrika ya Mashariki zimekwisha kuthibitisha kinyume chake. Katika Uganda maisha yalihesabiwa muda mrefu kuwa miaka 20 kwa ajili ya punguzo la kifungo, hata ilipofika mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikasema, katika shauri la Tigo Stephen, kwamba maisha ni uhai wote wa mfungwa mpaka pumzi yake ya mwisho. Katika Kenya, Mahakama ya Juu iliyofuta ulazima wa adhabu ya kifo kwa wauaji, katika shauri mashuhuri la Muruatetu la tarehe 14 Desemba 2017, iliombwa pia iseme maisha ni nini. Nayo ikajizuia kwa adabu, ikapendekeza Mwanasheria Mkuu na Bunge walichunguze jambo hilo na kulitungia sheria, pamoja na idadi ya miaka ambayo mfungwa apaswa kuitumikia kabla ya kufikiriwa kuachiliwa. Sheria hiyo ilipokawia, mahakama za chini yake zilijitafutia njia. Mwezi Julai 2023 Mahakama ya Rufani iliyoketi Malindi, katika shauri la mtu aliyemnajisi mtoto mdogo, ilihukumu kwamba kifungo cha maisha kisicho na tamati kinapingana na Katiba, ikamfunga miaka 40 badala yake. Kabla mwaka haujaisha, mahakama hiyo hiyo iliyoketi Kisumu, katika shauri jingine, ikasema maisha ni miaka 30. Na mwezi Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu ya Malindi na kukirejesha kifungo cha maisha kama kilivyokuwa. Haikupita hata miaka miwili, na neno moja la sheria moja katika nchi moja limekuwa na maana tatu. Mfungwa aliyekuwa akisikiliza habari hizi redioni alipewa tarehe ya kutoka, akapunguziwa miaka kumi, kisha akanyang'anywa yote.

Wala wafungwa hawa si wachache. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, lakini mahakama zake ziliendelea kuhukumu kifo, hata Rais Kibaki mwaka 2009 alipowabadilishia zaidi ya watu 4,000 adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Rais Kenyatta mwaka 2016 akafanya vivyo hivyo kwa 2,747. Walikwisha kuambiwa watakufa kwa kamba, kisha wakaambiwa wataishi. Ila hakuna aliyewaambia wataishi wapi mwisho wao, wala mpaka lini.

Hapa ndipo parole hutajwa kuwa dawa, na Tanzania imetangulia katika jambo hilo kwa Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, ambayo chini yake kuna Bodi ya Taifa, iliyowahi kuongozwa na Augustino Mrema, Waziri wa zamani wa Mambo ya Ndani. Mfungwa wa miaka minne au zaidi, akiisha kutumikia thuluthi ya kifungo chake kwa mwenendo mwema, aweza kufikiriwa kumalizia muda wake uraiani kwa masharti. Ni sheria njema kwa wale iliowakusudia. Lakini walioondolewa katika fadhila yake, pamoja na wanyang'anyi wa kutumia silaha na wakosaji wa dawa za kulevya, ni wafungwa wa maisha. Nami sioni hekima yake: mfungwa wa miaka sita, ambaye mlango wake utafunguka tu, Bodi ipende au isipende, huyo hufunguliwa mapema; na yule ambaye hana mlango mwingine wowote huambiwa kwamba mlango huu haumhusu. Ni kumpa mwavuli aliye chini ya paa.

Basi mfungwa wa maisha hubakiwa na rehema ya Rais, ambayo Katiba ya Tanzania imeiweka katika ibara ya 45, na Katiba ya Kenya katika ibara ya 133 pamoja na kamati ya kumshauri. Rehema ni jambo tukufu, lakini haina kalenda wala haitoi sababu. Tarehe 9 Desemba 2017, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe maelfu ya wafungwa, na miongoni mwao mwanamuziki Nguza Viking, ajulikanaye kwa jina la Babu Seya, pamoja na mwanawe Johnson, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu mwaka 2004 kwa kosa la kuwanajisi wanafunzi wa shule ya msingi. Wako walioshangilia, na wako walioinamisha vichwa. Wakati huo shauri lao lilikuwa bado mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha, ambayo mwezi Machi 2018 ilisema kwamba haki yao ya kujitetea ilikiukwa katika mambo kadhaa. Lakini hukumu iliwakuta wako huru zaidi ya miezi mitatu. Sisemi kwamba walistahiki kutoka au kubaki. Nasema kwamba siku ile hakuna aliyepaswa kulieleza hilo, si kwao, si kwa watoto wale waliokwisha kuwa watu wazima, si kwa mfungwa wa maisha wa chumba cha pili aliyesikia majina yakisomwa na lake halimo.

Fikihi tuliyolelewa nayo watu wa pwani ina neno la kuzingatiwa katika hili, kwani katika kisasi haki ya kusamehe imewekwa mikononi mwa mawalii wa damu, yaani jamaa za aliyeuawa: wakitaka husamehe, wakitaka hupokea diya. Sitaki kurejesha kisasi katika sheria za leo. Ila kaida ile ilijua kwamba msamaha una mwenyewe, ilhali kwetu sasa mwenye kupoteza mtoto aweza kuipata habari ya msamaha sokoni.

Wapinzani wa parole husema kwamba kumwachilia mfungwa wa maisha ni kuwahadaa jamaa za aliyedhulumiwa, walioahidiwa kwamba mtu yule hatarudi. Hoja hii ina uzito, nami naikubali nusu yake. Hadaa ipo, lakini huanzia mahakamani, jaji atamkapo neno ambalo hakuna mtu katika chumba kile ajuaye kipimo chake. Katika Uingereza, ambako tangu mwaka 1965 kila muuaji aliyekomaa umri hufungwa maisha, siku hizi jaji hutaja waziwazi miaka ya chini atakayoitumikia. Ikiisha, Bodi ya Parole huchunguza kama bado ni hatari kwa watu, na wengine haiwaachilii kabisa. Atokaye hutoka na masharti yatakayomfuata mpaka kaburini, akiyavunja aweza kurudishwa ndani. Kifungo chake ni cha maisha kwa hakika. Kilichobadilika ni mahali pa kukitumikia. Hata wale wachache ambao jaji huagiza wasitoke asilani, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema mwaka 2013, katika shauri la Vinter, kwamba nao lazima wawe na njia ya hukumu zao kuangaliwa upya.

Nawaomba watunga sheria wa Dodoma wamtoe mfungwa wa maisha katika orodha ya waliokatazwa parole, na wa Nairobi waitunge sheria waliyopendekezewa tangu mwaka 2017. Na wote wawili waandike humo idadi ya miaka, haki ya aliyedhulumiwa kuitwa na kusikilizwa, na wajibu wa Bodi kueleza kwa maandishi sababu ya kila ndiyo na kila hapana.