Hati ya Shamba na Mtutu wa Bunduki: Wanamgambo wa Kikabila Ituri

Vita vya Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, vimezoeleka kuelezwa kuwa ugomvi wa Wahema wafugaji na Walendu wakulima. Maelezo hayo yanawafaa sana makamanda, kwani anayepigania kabila haulizwi analinda shamba la nani. Ninavyoona mimi, kundi la wanamgambo ndilo lililoyafanya makabila haya kuwa kambi mbili za kivita, na lilizaliwa katika masijala ya ardhi.

Wabelgiji waliwapendelea Wahema katika elimu na utawala. Rais Mobutu alipotwaa mali za wageni mwaka 1973, mashamba mengi ya walowezi yaliangukia mikononi mwa matajiri wachache wa Kihema. Sheria ya ardhi ya mwaka huohuo iliikabidhi dola ardhi yote, na hati ikikaa miaka miwili bila kupingwa, haivunjiki tena. Mkulima wa Djugu, huko Ituri, angeweza kushindwa kesi ambayo hata hakuisikia. Mwaka 1999, tuhuma kwamba baadhi ya wenye mashamba walihonga maofisa ili wasogeze mipaka zilizua mapigano katika eneo la Walendu Pitsi. Baadhi ya wenye mashamba hao waliwalipa askari wa Uganda, waliolikalia eneo hilo, wawalinde. Juni mwaka huo Jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda akaunda jimbo jipya na kumteua Adèle Lotsove, Mhema, kuwa gavana. Kuanzia hapo Mhema fukara, asiye na hata robo eka, aliuawa kwa sababu ya hati za watu wengine. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na Thomas Lubanga alilijenga kundi lake la UPC juu yake, akauteka mji wa Bunia Agosti 2002. Upande wa Walendu, makundi ya FNI na FRPI yalifanya vivyo hivyo.

Wapo watakaosema chanzo ni dhahabu ya Mongbwalu. Dhahabu inaeleza kwa nini makundi haya hayafi. Haielezi kwa nini yalivaa sura ya kabila.

Dola nayo iliwafunza vijana somo baya, kwamba bunduki huleta cheo. Mwishoni mwa 2004 Kinshasa ilimpa Germain Katanga wa FRPI cheo cha jenerali. Baadaye mahakama ya The Hague iliwahukumu yeye na Lubanga, huyu wa pili kwa kuwatumia watoto vitani. Lakini hukumu hizo, hata zikiwa za haki, hazikugusa mpaka wa shamba lolote. Kufikia mwisho wa 2017 kundi la CODECO la Walendu lilikuwa limeshika silaha, na Februari 2022 likawaua watu wapatao 60 katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo. Kundi la Kihema liitwalo Zaïre nalo likaibuka. Serikali ikamtuma Lubanga, aliyekwisha kutoka gerezani, kwenda kuzungumza na CODECO. Wakamshikilia kwa wiki kadhaa. Mwaka 2025 naye akatangaza vuguvugu jipya dhidi ya Kinshasa.

Mipango ya kuwapokonya wanamgambo silaha huhesabu bunduki. Ingepaswa kuanza kwa kuzipitia upya hati za Djugu hadharani, mbele ya Wahema na Walendu, na kuzifuta zilizopatikana kwa rushwa, hata kama wenye nazo leo ni wakubwa Kinshasa.