Munuki na Waya wa Baharini

Mtaa wa Munuki, mjini Juba, hauijui bahari. Pwani ya Mombasa iko mbali nao kwa zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, mwalimu wa Munuki aandikapo barua kwa njia ya intaneti kwenda Muscat, maneno yake kwa kawaida hupita chini ya maji. Wahenga walinena: maji usiyoyafika hujui kina chake. Basi na tuyafike.

Mnamo mwaka 1879, enzi ya Sayyid Barghash, waya wa simu za maandishi ulitandazwa baharini kutoka Aden hadi Unguja, ukateremka Msumbiji mpaka Durban. Kabla ya hapo, habari za Ulaya zilingoja meli. Lakini waya ule ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, na kila neno lililipiwa. Miaka 11 baadaye Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Hatusemi kwamba waya ndio ulioiponza. Twasema tu kwamba apataye habari mapema hujipanga mapema.

Zama zetu zimeleta mkongo wa nyuzi za kioo, nyembamba mithili ya unywele, zipitishazo mwanga. Mwaka 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa. EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla yake, Afrika ya Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa. Sudan Kusini, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, iliendelea kungoja. Ilikuwa mwaka 2020 ndipo mkongo kutoka Uganda, kwa njia ya Nimule, ulipoifikia Juba.

Mwezi Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mawasiliano yakazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Nchi isiyo na bahari hupokea kupitia kwa jirani. Jirani akiugua, nayo hukohoa.

Walimu wenzangu, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tuutumie mkongo kuchota kamusi, hadithi na masomo, lakini tulichochota tukichapishe na kukiweka kabatini darasani. Siku waya utakapokatika tena, mwanafunzi wa Munuki asikose somo la Kiswahili.