Tarehe ya Nyumba ya Bhratar

Hii ni tarehe ya Bhratar, jina la kaka katika Kisanskriti cha India, na jamaa zake katika lugha za Kihindi-Kiulaya. Wengi humpa baba ukubwa wa nyumba hii. Haki hiyo si yake.

Asili ya lugha hizo ni lugha moja isiyoandikwa, iliyosemwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wataalamu wengi huiweka kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Wanaosema Kisanskriti ndicho mama wamekosea; nacho ni mtoto miongoni mwa watoto. Msomi William Jones alitangaza udugu huo Calcutta tarehe 2 Februari 1786. Padri Coeurdoux wa Pondicherry alikwisha kuwaandikia wasomi wa Paris mwaka 1767, lakini maandishi yake yalichapwa 1808, naye yuko kaburini.

Baba alikuwa pitar India na pater Roma. Kwa Wagothi aling'olewa: katika Biblia ya askofu Wulfila, sehemu zilizosalia, fadar yumo mara moja tu, kwingine ni atta. Mama ni matar. Waalbania jina lake wakampa dada, motër. Dada ni svasar, na Roma soror.

Binti, duhitar, ana ugomvi wake. Wasomi wa zamani, Christian Lassen na baadaye Max Müller, walishikilia kuwa maana yake ni mkamuaji wa ng'ombe, kwa kuwa duh ni kukamua. Nakataa. Maana hiyo ya kukamua iko India na Uajemi. Wagiriki wana thygater, Walithuania wana duktė, wala mzizi huo kwao haukamui chochote.

Turudi kwa kaka. Ni brother kwa Waingereza, Bruder kwa Wajerumani, brat kwa Warusi, brawd Wales, baradar Uajemi. Wagiriki walimfanya phrater, mwenzi wa jamaa kubwa, na ndugu wa damu wakamwita adelphos, yaani wa tumbo moja. Hispania frater wa Roma alihamia kwa watawa, akawa fray. Nyumbani kaka akaitwa hermano. Na yule bhai wa Kigujarati, anayeitwa kila siku madukani Mombasa na Dar es Salaam, ni Bhratar huyohuyo.

Kaka ndiye aliyewafanya ndugu watu wasiozaliwa pamoja, na kwa hilo ukubwa wa nyumba ni wake.